Safari imefutwa sababu ya ugonjwa? Hivi ndo unafuata pesa yako hapa Uganda, mteja na ajenti wote

Nafanya kazi ya tiketi hapa Kampala, na kila ugonjwa ukizuka simu zinazoingia ni zile zile, mtu anauliza "kwani serikali haiwezi kunirudishia pesa yangu ya safari?" Nijibu hapa mapema. Wakati wa korona serikali ya Uganda haikuweka mfuko wa kumrudishia abiria nauli yake. Msaada ulikuwepo, ila ulipitia milango mingine, kodi, benki, vibali vya mbuga, na mwingi ulimlenga mwenye biashara. Wewe mteja pesa yako unaifuata kwa yule aliyeishika, na haya yote nitakayoandika yanazunguka swali moja, pesa yako saa hii imekaa kwa nani?

Na usiniambie korona ilishapita. Ebola ilitangazwa Septemba 2022 huko Mubende, ikaisha Januari 2023, alafu ikatangazwa tena Januari 2025 hapa hapa Kampala. 2022 wageni walianza kufuta safari na huku Entebbe iko wazi, ndege zinatua kama kawaida. Kuna tofauti kubwa kati ya uwanja kufungwa na watu kuogopa tu, na kwenye pesa hiyo tofauti ndo kila kitu, nitaifikia hapo chini.

Kwanza, pesa iko wapi

Watu wengi wanadhani ukimlipa ajenti milioni tatu za tiketi basi hizo milioni tatu ziko kwa droo yake. Haziko. Ajenti mwenye usajili wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, akishatoa tiketi pesa inaenda kwa shirika la ndege kupitia mfumo wa malipo unaoitwa BSP, yeye anabaki na ada yake ya huduma, manake kamisheni mashirika mengi yameishusha mpaka karibu haipo. Ofisi ndogo isiyo na IATA inanunua tiketi kwa ofisi kubwa, kwa hiyo hapo kuna mikono mitatu, na pesa ikirudi inapita njia ile ile, shirika, ofisi kubwa, ofisi ndogo, alafu wewe. Ndo maana inachelewa, na ndo maana kumgombeza dada wa mapokezi hakuleti pesa hata kama una haki kabisa ya kukasirika.

2020 ilikuwa mbaya zaidi. Entebbe ilifungwa kwa abiria mwezi Machi ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba, na katikati hapo mashirika mengi yalizima kitufe cha rifandi, yaani cha kurudisha pesa, kwenye mifumo ambayo maajenti tunatumia, Amadeus, Galileo, Sabre, ikabidi kila ombi lipelekwe moja moja kwa BSPlink, tovuti ya huo mfumo wa BSP, na mtu asubiri shirika likubali lenyewe. Ajenti alikuwa amekaa ofisini bila kipato chochote na bado anafanya kazi ya kurudisha pesa za watu, bila malipo. Kumbuka hilo, nitalirudia kwa upande wa maajenti.

Vitu vingine vina mahali pake. Advansi ya loji iko kwa mwenye loji, kibali cha gorila pesa yake iko UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, tiketi ya basi la Nairobi au Juba iko kwa kampuni ya basi, na ada ya viza ukishapeleka maombi hiyo isahau. Kwa hiyo shika karatasi uandike kila kipande cha safari, nani alipokea, tarehe gani, kwa njia gani. Bila hiyo karatasi utazungushwa mpaka uchoke.

Usikimbilie kufuta mwenyewe

Hapa ndo pesa nyingi zinapotea na inaniuma kila nikiona. Ukifuta wewe mwenyewe sababu umeogopa, shirika linahesabu kwamba ni wewe umebadilisha mipango, na masharti ya tiketi yako yanatumika yote, hasa zile za bei rahisi, faini juu na nauli hairudi. Shirika likifuta ndege lenyewe mambo yanageuka, hata tiketi iliyoandikwa "hairudishwi", kwa mashirika mengi inakuwa ya kurudishwa yote.

Machi 2020 kulikuwa na wamama wawili wafanyabiashara wa Kikuubo, soko la hapa Kampala, marafiki, wamenunua tiketi za Dubai siku moja, ndege moja, bei moja. Mmoja alisikia habari akaogopa akapiga simu Jumanne akasema futa. Mwingine alikaa kimya anaangalia. Ijumaa shirika lenyewe likafuta ndege. Yule wa pili alipata nauli yake yote, ilichelewa lakini ilifika, na yule wa kwanza alipata kodi za uwanja peke yake. Hakuna aliyemdanganya, ni masharti tu yalimkuta, na hakuna mtu alikuwa amemwambia asubiri.

Lakini kusubiri kuna mwisho wake. Ndege ikiruka na wewe hukusema kitu wanakuandika kwamba hukutokea, na hapo hata kubadilisha tarehe inakuwa vita. Mimi nawaambia wateja wiki ya mwisho muwe mnaangalia kila siku, na ikibaki siku moja au mbili ndege bado ipo na kweli hutaki kwenda, omba kusogeza tarehe badala ya kufuta, sababu wakati wa milipuko mashirika mengi yanaondoa faini ya kubadilisha. Na kama ulishafuta mwenyewe usikate tamaa yote, uliza hivi, "kodi ambazo hazijatumika ni ngapi na zinarudi lini?" Kodi za uwanja ambao hukupita mara nyingi zinarudi hata kama nauli imekwenda, na watu hawaziombi sababu hawajui.

Namba ya tiketi, sio ile ya herufi sita

Ile namba ya herufi na tarakimu sita unayotumiwa kwa WhatsApp ni ya buking, ni kiti tu kimeshikwa. Ushahidi kwamba pesa ilifika kwa shirika ni namba ya tiketi, tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinakuambia ni shirika gani, 176 ni Emirates, 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, 157 ni Qatar, 074 ni KLM, 459 ni RwandAir. Kama umelipa yote na una herufi sita peke yake, mpigie ajenti leo umuombe tiketi yenyewe. Akianza kuzunguka zunguka, basi yawezekana pesa yako haijawahi kutoka ofisini kwake, na hapo mtu wa kufuata ni yeye, shirika halikujui.

Andika, usipige simu tu

Simu haina ushahidi. Mtumie ajenti ujumbe kama huu, kwa WhatsApp sawa, kwa imeili bora zaidi:

"Habari yako dada. Tiketi yangu namba (weka tarakimu 13), Entebbe kwenda Dubai tarehe fulani, shirika limefuta ndege. Sitaki vocha wala tarehe mpya, naomba pesa yangu irudi. Naomba unitumie uthibitisho wa shirika kwamba ndege imefutwa, namba ya ombi la rifandi na tarehe ulipolipeleka, na hesabu ya pesa itakayorudi na kitakachokatwa. Nililipa kwa mobile money tarehe fulani, namba ya muamala ni hii. Asante."

Ukiangalia vizuri hapo hakuna matusi, na kila sentensi inaomba kitu ambacho ajenti mkweli anacho tayari. Ile namba ya ombi la rifandi ndo muhimu kuliko zote, ukiipata unaweza kuliandikia shirika moja kwa moja na kuuliza limefikia wapi.

Kama ulilipa kwa kadi ya Visa au Mastercard una mlango mwingine, unaenda benki yako unaomba malipo yapingwe sababu huduma haikutolewa, na muda wa kawaida ni siku 120 kuhesabu toka siku ulipotakiwa kusafiri, kwa hiyo usikae nayo. Waliolipa kesh au kwa simu hawana mlango huo. Ndo maana nasema kila siku, kama unalipa kwa simu lipa kwa namba ya biashara ya kampuni, usitume kwa namba ya mtu binafsi, na dai risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi. Namba binafsi inabadilishwa laini asubuhi moja tu.

Vocha

Vocha ni ahadi ya shirika kwamba utasafiri baadaye badala ya kurudishiwa pesa. Sio kitu kibaya, wapo waliosafiri nazo vizuri tu. Lakini kabla hujaikubali uliza tarehe iliyoandikwa ni ya mwisho kubuku au ya mwisho kusafiri, sababu hizo mbili zinaweza kuachana mwaka mzima. Uliza pia kama mtu mwingine wa familia anaweza kuitumia, na kama ikiisha bila kutumika pesa inarudi au inakufa. Jibu liwe kwa maandishi. Hukupata jibu, usikubali.

Mahujaji wetu waliona hili kwa macho. Saudia ilisimamisha Umra tarehe 27 Februari 2020, Hija ya 2020 na ya 2021 ikawa ya waliomo ndani ya Saudia tu, na ilipofunguliwa kwa wa nje 2022 wakasema lazima uwe chini ya miaka 65. Mzee aliyeacha pesa yake ikae kwa kiongozi wa kundi toka 2020 akijua ataenda "mwakani" alijikuta nje kabisa. Kwa hiyo kama umri au afya yako haisubiri, omba pesa, usiiache ikae, na kama unaiacha basi muandikiane bei ikipanda nani anaongezea.

Sheria za wenzetu zinazokufuata mpaka Entebbe

Hii watu wengi hawaijui. Ukiruka toka Entebbe na KLM kwenda Amsterdam au na Brussels Airlines kwenda Brussels, sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inakulinda, sababu shirika ni la Ulaya na unaelekea Ulaya. Wakifuta ndege unachagua mwenyewe, wakupeleke kwa njia nyingine au wakurudishie pesa ndani ya siku 7, na vocha ni mpaka ukubali kwa sahihi yako. Mei 2020 mashirika yalipokuwa yanasukuma vocha Tume ya Ulaya ilisema wazi kwamba vocha ni hiari. Ile fidia ya juu ya euro 250 hadi 600 usiitegemee kama sababu ni mlipuko, hiyo inaondolewa kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wa shirika, ila nauli yako bado inarudi, hivyo ni vitu viwili tofauti na saa zingine mtu wa simu atavichanganya.

Safari ya kwenda au kutoka Marekani nayo ina ulinzi wake, Aprili 2020 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliyakumbusha mashirika, hata yale ya nje, kwamba ndege ikifutwa abiria ana haki ya pesa. Lakini Entebbe kwenda Dubai na Emirates, au Addis Ababa na Ethiopian, sheria hizi mbili hazikuhusu, hapo unategemea masharti ya shirika lenyewe.

Loji, gari, na vibali vya gorila

UWA ilifunga utalii wa gorila na sokwe Machi 2020 ikafungua Septemba, na wenye vibali waliruhusiwa kusogeza tarehe. Huo ulikuwa msaada wa serikali wa kweli kweli, manake kibali kilikuwa dola 600 kwa mgeni wa nje na kilipanda hadi 700 Julai ile ile. Alafu kati ya Desemba 2020 na Machi 2021 wakashusha bei mpaka dola 400 kwa wageni wa nje na shilingi 150,000 kwa sisi wa Afrika Mashariki. Somo la kazi hapo ni kwamba kibali kinafuatwa UWA kupitia kampuni iliyokinunua, kwa hiyo muombe tua opareta wako nakala ya kibali chenye jina lako. Bila nakala huwezi kujua kama kilinunuliwa.

Loji na gari ni mkataba kati ya watu wawili. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 inasema mkataba ukishakuwa hauwezekani kutekelezwa, kila mmoja anaachiliwa na pesa iliyolipwa inaweza kudaiwa irudi, ila aliyekwisha kutumia gharama anaweza kuruhusiwa kubaki na kiasi. Sasa unaona ile tofauti niliyosema juu. Mbuga ikifungwa na serikali, mkataba haukuwezekana, una nguvu. Mbuga iko wazi na wewe umeogopa tu, unarudi kwenye masharti mliyoandikiana na hapo unamuomba mtu kwa upole mkutane katikati.

Akikataa kabisa na deni halizidi shilingi milioni 10, kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, upo toka 2011 na hauhitaji wakili. Unamwandikia kwanza notisi ya kudai ukimpa siku 14, akinyamaza unaenda kwa hakimu na makaratasi yako. Nimeona kampuni ambazo hazikujibu simu miezi na miezi zikalipa baada ya ile notisi tu. Na ukitaka kujua kampuni imesajiliwa, uliza Bodi ya Utalii, UTB, ndo wanaotoa leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Fanya hivyo kabla ya kulipa, sio baada.

Sasa nyinyi maajenti wenzangu

Najua mlivyoumia. Kwenye korona milango ilikuwa hii. URA, mamlaka ya kodi, iliruhusu biashara ndogo za utalii kuchelewesha kodi ya mapato ya miezi ya Aprili hadi Juni 2020 mpaka Septemba. Benki Kuu toka Aprili 2020 iliziruhusu benki kupanga upya mikopo ya walioathirika, ikaongeza muda tena na tena. Benki ya Maendeleo ya Uganda ikaongezewa mtaji, ila mikopo yake ilimfaa mwenye loji kuliko mwenye ofisi ya meza mbili. Na mwisho wa 2021 ukaja mfuko wa kuinua biashara ndogo, shilingi bilioni 200, nusu ya serikali nusu ya benki, riba isizidi asilimia 10. Pesa ya huo mfuko ilichukuliwa na wachache sana, na kwa nilivyoona mimi sababu kubwa ilikuwa makaratasi, watu hawakuwa na hesabu za miaka iliyopita, hawana mikataba ya wafanyakazi, kodi haijanyooka. Benki haikopeshi huruma.

Kwa hiyo mlipuko ukitangazwa, wiki ile ile nenda benki yako na barua ya kuomba mkopo upangwe upya, kabla hujakosa malipo hata ya mwezi mmoja, sababu ukishaingia kwenye orodha ya wabaya mlango unafungwa. Mwandikie URA mapema pia, na uweke ritani, yaani fomu ya kodi, hata kama huna cha kulipa. Pesa za wateja weka akaunti yake peke yake, usilipie rent ya ofisi, hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni. Kampuni nyingi zilikufa hapo tu, zilikula advansi ya Mei kulipa madeni ya Machi na wateja wakaja wote siku moja.

Na kuna jambo moja nataka tulipeleke kwa pamoja kupitia vyama vyetu, TUGATA cha maajenti wa safari na AUTO cha tua opareta. Desemba 2020 serikali ya Australia ilianzisha mpango wa dola za Australia milioni 128 kwa ajili ya maajenti wa safari, na lengo lilikuwa ajenti abaki wazi ili awarudishie wateja pesa zao. Kila ofisi ililipwa mara moja, toka dola 1,500 mpaka 100,000, kulingana na mauzo yake. Waliona kitu ambacho sisi tunakijua, kwamba ajenti akifunga ofisi hakuna wa kumfuatilia mteja pesa yake huko kwa shirika. Uholanzi nao walitoa mkopo wa euro milioni 400 ili kampuni za safari ziweze kulipa vocha zilizoiva. Uganda haina pesa za Australia, najua, lakini hata kiasi kidogo kinacholipwa kwa kila rifandi iliyomfikia mteja kingesaidia pande zote mbili kwa pesa ile ile moja.

Ombi kama hilo linahitaji namba, na 2020 tulikwenda kwa maafisa na malalamiko matupu. Fungua jedwali kwa kompyuta yako, weka namba ya tiketi au ya buking, shirika au loji, kiasi, tarehe mteja alipoomba, tarehe ulipopeleka ombi, tarehe pesa iliporudi, na masaa uliyotumia. Jaza kila rifandi, hata za siku za kawaida zisizo na ugonjwa wowote, alafu kila robo mwaka ipeleke nakala kwa chama chako bila majina ya wateja.